Tumbo la Wifi Yangu

Tumbo la wifi yangu lilikuwa kubwa jioni kuliko asubuhi. Mwanamke yeyote aliyewahi kubeba mimba anajua kwamba mimba haifanyi hivyo. Mimi nimezaa mara mbili, kwa hiyo nilijua. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanionea huruma huko mbele akidhani nilidanganyika. Sikudanganyika. Nilidanganya, tena kwa macho makavu, saa nne ya asubuhi, jua likiwaka.

Wifi huyo alikuwa mke wa kaka yangu. Mama yetu alizaa wanne tukabaki wawili, mimi na yeye, naye ndiye mwanamume peke yake, basi unaweza kukadiria alivyoenziwa. Alikuwa fundi seremala, na kibanda chake kilikuwa Dunda, hatua chache kutoka pale ninaposhonea nguo. Siku aliyosema anataka kuoa Fukayosi, mama alinuna wiki nzima. Sisi ni watu wa mjini Bagamoyo tangu enzi za mababu, na mama ana maringo yake ya kizamani. "Mji mzima huu wasichana wamekwisha, mpaka ukachumbie mashambani?" Kaka akacheka, akaoa.

Miaka sita ikapita bila mtoto. Mama hakuwahi kumtukana mkwewe, hilo nimshuhudie, lakini alikuwa na namna ya kuhesabu wajukuu wa majirani kwa sauti. Wifi alikuwa akisikia na kuendelea kukuna nazi. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, mwembamba, na tangu nimjue alikuwa mgonjwa wa tumbo. Akila matonge matano ameshiba. Akimaliza kula anageukia ukutani, anajiziba mdomo kwa ncha ya kanga, anacheua. Wote tulisema ni vidonda vya tumbo, maana kwetu maumivu yoyote yaliyo juu ya kitovu ni vidonda vya tumbo. Alikuwa akijinunulia omeprazo duka la dawa, kidonge kimoja kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, kama vile mtu anavyonunua sukari. Hakuna aliyemwambia aache, na hakuna aliyemuuliza kwa nini haponi.

Mimi ndiye niliyemburuta zahanati. Alikuwa ameanza kupungua mpaka gauni nililomshonea kwa Idi likawa linamning'inia. Wakampima choo, wakasema ana bakteria kwenye mfuko wa tumbo, wale wanaojichimbia kwenye ukuta wake na kukaa humo miaka. Wakampa boksi la vidonge vya aina tatu, asubuhi na jioni, siku kumi na nne bila kuruka. Mganga alirudia maneno hayo, bila kuruka, huku akinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeonekana mkali.

Siku ya tano ya dozi ile, kaka yangu aligongwa na lori kwenye barabara ya Dar akiwa kwenye pikipiki, akafa hapohapo.

Sitaeleza msiba. Aliyewahi kufiwa anajua, na ambaye hajafiwa angoje. Ninachotaka kusema ni kwamba katika siku zile za watu kujaa uani na masufuria kupigana, hakuna aliyekumbuka boksi la vidonge. Mwenyewe hakulikumbuka. Akavishwa nguo nyeupe, akaingizwa chumba cha nyuma kukaa eda, miezi minne na siku kumi, bila manukato, bila wanja, bila kutoka mlangoni ila kwa dharura. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kwa mama baada ya kuachika, watoto wangu wakiwa Tanga kwa baba yao, basi nikawa ndiye wa kumpelekea chakula na maji ya kuoga.

Na nilikuwa na mgonjwa wa pili. Mama aliacha kula. Alilala ameelekea ukuta, akinywa maji na kahawa kavu tu. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamletea mashoga zake, akawaitikia salamu na kufumba macho. Kufikia arobaini bangili zake zilikuwa zinateleza zenyewe hadi kwenye vidole. Nilikuwa nikiamka alfajiri na kusimama kwanza mlangoni kwake kuangalia kama shuka linapanda na kushuka. Nilijua nitazika tena, na safari hii nitabaki peke yangu.

Basi ilikuwa katika hali hiyo, mwezi wa pili wa eda, alipokuja mkunga mmoja wa mtaani kutoa pole. Ni mama mtu mzima aliyetuzalisha nusu ya mtaa kabla watu hawajazoea hospitali. Aliingia kwa wifi, akakaa, akatoka akiwa amekunja uso. Akamuuliza mama, "Huyu mtoto siku zake kaziona lini?"

Mama akageuka kutoka ukutani.

Wifi hakuwa ameona siku zake tangu kaka alipokufa. Na tumbo, kweli, lilikuwa limeanza kutuna chini ya ile nguo nyeupe, huku mabega na mashavu yakizidi kukauka. Mama alikaa kitako kitandani. Akaomba uji. Nikauleta, akanywa nusu kikombe, kisha akanituma Dunda kununua kipimo cha mkojo.

Nilikichovya mwenyewe kwenye mkojo wa wifi, chooni, mlango umefungwa. Nikasubiri. Nikakiinua kwenye tundu la dirisha ili jua likipige vizuri. Mstari ulikuwa mmoja. Nikasubiri tena zaidi ya muda ulioandikwa kwenye karatasi, na mstari ukabaki mmoja.

Nilipofungua mlango, mama alikuwa amesimama pale, ameshika ukuta. Hakuwa amesimama kwa wiki kadhaa. Mdomoni alikuwa na alama ya uji, hajajifuta.

"Haya, niambie."

Nikasema, "Mama, ipo."

Kile kipimo nilishakitupa kwenye tundu la choo. Mama alishuka chini palepale kwenye sakafu akasujudu. Nikaenda chumbani kumwambia wifi, kwa sababu ukishaanza jambo kama hilo lazima ulimalize. Alikuwa ameketi kwenye mkeka. Nilipomwambia alijifunika uso kwa kanga, akakaa hivyo muda mrefu, mabega yakimcheza. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyepigwa, "Miaka yote sita, wifi. Halafu sasa."

Nilikuwa na mpango wangu. Mimba changa hutoka kila siku, nani asiyejua? Ningeacha wiki mbili tatu, mama apate nguvu, kisha ningesema imeharibika. Mama angelia, lakini angelia akiwa ameshakula. Niliona huo ni udanganyifu mdogo wa huruma, na hata nilijisifu kimoyomoyo kwa akili niliyokuwa nayo. Wifi sikumtia kwenye hesabu. Nilimfikiria kama chumba cha kuhifadhia kitu cha mama.

Sasa nije kwenye vidonge. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimerudi zahanati, mganga akaniambia dozi iliyokatwa katikati ni kazi bure, tena ni hatari, maana wale bakteria waliosalia wanakuwa sugu. Akanipa boksi jipya la kuanza mwanzo. Wifi alikuwa amemeza siku tatu. Jioni ya siku ile ya kipimo mama aliingia chumbani kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaliona boksi kwenye kidirisha.

"Hizi ni nini?"

"Dawa zangu za tumbo, mama."

"Dawa kali namna hii na tumbo lina mtu? Unataka kumyeyusha mwanangu mara ya pili?"

Wifi hakubishana. Alilichukua boksi yeye mwenyewe akampa kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la chakula. Ningeweza kusema neno. Nilisema, "Wali unapoa."

Na wali ndio ulioanza. Mama alifufuka, nasema kweli, alifufuka, akaingia jikoni na kumlisha mkwewe ambaye miaka sita alimwita "yule". Asubuhi uji wa ulezi wenye maziwa. Mchana wali na maharage, au mbaazi za nazi. Jioni tende, ndizi mbivu, maziwa tena. "Kula mwanangu, mnakula wawili." Mwanangu! Wifi alikuwa akilisikia neno hilo anatafuna, machozi yakimlengalenga, na tumbo likimuuma hata akawa anakaa amejikunja. Kila alichokula kilikwenda kuchachuka. Kufikia alasiri tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, na ukikaa karibu ulisikia linavyonguruma. Asubuhi limenywea. Jioni limejaa. Mama alisema mtoto hulalia mgongoni akichoka. Yule mkunga alikuja akaweka viganja, akangoja, gesi ikapita chini ya mkono wake, akatabasamu. "Anacheza huyo."

Wiki mbili zikapita, zikapita tatu, sikusema imeharibika. Kila asubuhi nilijiambia leo, nikaingia jikoni nikamkuta mama anatwanga kitu na kuimba chini chini, na siku ikapita. Nilikuwa mwoga. Sina jina jingine la kuliita.

Kliniki hakwenda. Ustadhi aliulizwa, akasema mwenye eda anaweza kutoka kwa ajili ya matibabu, dini haina tabu hiyo. Mama ndiye aliyekataa, kwa kuogopa macho ya watu kwa mimba ya marehemu. Mimi nikamuunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu kliniki wangemlaza, wangempima, wangeniumbua. Na mama alikuwa ametangaza kwamba eda ya mwenye mimba haiishi mpaka ajifungue, jambo ambalo ni kweli kisheria. Basi miezi minne na siku kumi ikafika, na badala ya kutolewa, kuogeshwa na kuvishwa kanga mpya, wifi yangu akaendelea kukaa chumba cha nyuma akimngoja mtoto.

Alianza kuniambia kuhusu miguu. "Wifi, nyayo zangu kama nimevaa soksi." Nikamwambia ni kukaa sana mkekani. "Wifi, vidole vinachonyota." Nikamwambia mimba huleta ganzi. Asubuhi moja alitoka uani kuja kunisaidia kuchagua mchele, akapita karibu na jiko. Nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikatazama sufuria, nikatazama kuni, kisha nikatazama chini. Alikuwa amekanyaga kaa la moto lililodondoka, amesimama juu yake, ananiuliza mchele uko wapi.

Nilimwondoa, nikamwagia maji, nikampaka asali. Unyayo ulikuwa umeungua hadi kwenye nyama. Alikuwa akiutazama kama mguu wa mtu mwingine. Siku ile niliogopa kweli, lakini hata siku ile sikusema.

Wiki iliyofuata, baada ya adhuhuri, alitapika. Kilichotoka kilikuwa cheusi, chembechembe, kama mashapo ya kahawa. Akatapika tena kwenye beseni, kisha akaniegemea akiwa mzito na wa baridi. Mama alipiga kelele, "Mtoto! Mtoto!" Nikamwita wa bajaji, tukampakia na nguo zake nyeupe zilizochafuka, tukampeleka hospitali.

Walimwongezea damu. Walimpiga utrasaundi, na aliyekuwa akipima alipitisha ile mashine juu ya tumbo mara nyingi, akaniuliza mimi, "Nani aliwaambia ana mimba?" Nikasema kipimo cha mkojo. Akasema hakuna kitu humu, na haionyeshi kama kiliwahi kuwemo. Tukahamishiwa Dar kwa ajili ya kamera ya tumbo. Walimkuta na kidonda kinachovuja damu, na bakteria wale wale wa mwanzo wakiwa wamejaa tele.

Daktari aliyemtibu alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mpole, mwenye kalamu iliyofungwa kwa plasta. Alitukalisha watatu, wifi kwenye kiti cha magurudumu, akachora kwenye karatasi. Huu mfuko wa tumbo, huu utumbo mwembamba, huu utumbo mpana. Akasema mgonjwa wenu ana mambo mawili yaliyopandana. La kwanza ni hawa bakteria wa kwenye mfuko, waliomtoboa kidonda. La pili liko chini yake. Utumbo mwembamba hautakiwi kuwa na bakteria wengi. Wanaokaa kwa wingi ni wa utumbo mpana, na kwake wa chini wamezagaa kule juu wakastawi. Kila anachokula wanakifikia kabla yake, wanakichachusha, gesi inajaa, tumbo linavimba.

"Kwa nini kwake?" nikauliza.

Alisema tindikali ya tumbo ndiyo inayowaua wengi wao njiani. Bakteria wa kwanza wakikaa miaka huidhoofisha kwa baadhi ya watu. Na vidonge vya kuzuia tindikali kama omeprazo, mtu akivimeza miaka bila kusimamiwa, navyo huipunguza. Akaongeza, kwa ukweli ambao niliuheshimu, kwamba wataalamu wenyewe hawajakubaliana vizuri kama ugonjwa wa kwanza ndio unaomwalika wa pili, au wanakutana tu ndani ya mtu mmoja. "Tatizo ni kwamba dalili zao zinafanana. Kujaa, kichefuchefu, kushiba upesi. Unamtazama mmoja, mwingine amejificha nyuma yake." Kuna kipimo cha kupuliza pumzi cha kumtambua huyu wa pili, akasema, lakini hapa hawana, watamtibu kwa dalili. Kwanza dozi ya mfuko, siku zote kumi na nne. Kisha dozi ya utumbo.

"Na miguu yake?"

Akaweka kalamu chini. Bakteria wale wanakula vitamini ambayo mishipa ya fahamu inaihitaji, na tumbo lisilo na tindikali ya kutosha halimudu kuifyonza. Jambo hilo huchukua muda mrefu, na kwake limeanza zamani, akasema; lakini miezi hii ya karibuni ndiyo iliyommaliza. Angechomwa sindano. Hisia nyingine zingerudi, nyingine pengine zisirudi. Kisha akauliza swali la kawaida kabisa la daktari. "Boksi la dawa alipewa zamani. Kwa nini aliacha?"

Wifi akajibu mwenyewe, kwa sauti ndogo. "Niliambiwa nina mimba, nikaogopa. Lakini maumivu yakizidi nilikuwa nameza vile vya omeprazo. Nilikuwa navyo kidogo chini ya godoro. Nisameheni."

Alikuwa anamwomba radhi daktari. Ila mama ndiye aliyesikia. Nilimwona anavyosikia. Yote aliyochorewa kwenye karatasi yalikuwa yamempita, na sasa limetua neno moja analolielewa.

"Umemeza vidonge," akasema. "Kwa siri. Nyumbani kwangu."

Daktari alimwambia, mama, hapakuwa na mimba. Alimwambia mara tatu. Mama alimtazama kwa adabu, kama anavyotazama watu wa serikali, na hakuamini hata herufi. Kipimo kilisema ipo. Binti yake alikiona. Mkunga alimgusa akicheza. Kisha vidonge, kisha damu, kisha tumbo tupu. Kwake kila kitu kilikuwa wazi. Ule mwisho niliokuwa nimeuandaa mwenyewe, kwamba imeharibika, mama aliufikia bila msaada wangu, na alikuwa na mtu wa kumbebesha.

Wifi alinitazama mimi. Alikuwa anangoja niseme niliona nini siku ile. Nikainama nikafunga buibui.

Hakurudi kwetu. Mama aliagiza vitu vyake vifungwe, nikavifunga, ndugu zake wakaja kuvichukua. Hakuna aliyemtoa eda. Na mama, ambaye kwa ile hasira alikuwa na nguvu za kutosha, hakuacha mtu. Msibani, harusini, kwa muuza samaki: "Aliniulia mjukuu kwa vidonge." Mji huu ni mdogo, na Fukayosi kuna watu wanaokuja mjini kila siku na mihogo yao na mkaa wao. Maneno yalifika kabla kidonda chake cha tumbo hakijapona.

Nilikwenda kumwona baada ya mwaka na zaidi. Nilibeba sindano zake za vitamini, nikajidanganya kwamba ndizo zinazonipeleka. Mama yake nilimkuta uani, nikamwamkia shikamoo, akasema marahaba bila kuniangalia, akaingia ndani. Wifi alikuwa chini ya kibaraza anamenya mihogo. Tumbo lilikuwa limelala. Alikula dozi zote mbili mpaka mwisho, akaniambia, na anakula sasa, anashiba kama watu. Amenenepa mashavu. Kisha akasimama kunikaribisha kiti, nikaona anavyotembea. Anatembea akitazama miguu yake, anaiinua juu kama anayevuka matope, kwa sababu asipoiona hajui ilipo. Shamba hawezi. Anashika fimbo akienda kisimani, na ndoo anabebewa.

"Hayo ya miguu nimeyazoea," akasema. "Yanayonishinda ni mengine. Mdogo wangu kajifungua nyumba ile pale. Sijaitwa kumwona mtoto. Wanaogopa mkono wangu, wifi."

Nikamwambia palepale. Sikutafuta maneno. Nilimwambia mstari ulikuwa mmoja, na kwamba nililijua hilo tangu dakika ile.

Kisu kilisimama. Kuku waliendelea kuchokora maganda miguuni pake. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea kwa furaha. Aliposema, hakuuliza kwa nini.

"Mimi nilikuwa naongea naye," akasema. "Mchana, mkiwa jikoni."

Kisha akaokota muhogo mwingine. "Nenda kamwambie mama. Simtaki anipende. Nataka tu aache kusema."

Niliahidi. Nilifika nyumbani alasiri, mama ametoka kuswali, yuko juu ya msala na tasbihi yake. Nikakaa mbele yake na kumwambia yote: choo, dirisha, mstari, uji mdomoni mwake, mpango wangu wa wiki tatu. Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Nikamwambia, mama, yule mwanamke hakuua mtu, sisi ndio tuliokuwa tunamuua yeye.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akavuta punje tatu nne za tasbihi. Akaniuliza, kwa upole mkubwa, "Amekupa nini?"

"Nani?"

"Umetoka Fukayosi. Amekupa nini hata unamkana mtoto wa kaka yako?"

Nikaapa. Nikaapa kwa Mwenyezi Mungu na kwa kaburi la kaka. Akaniziba mdomo kwa kiganja chake, kiganja kilichonona, cha mtu anayekula vizuri. "Usiape. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Uso wako niliuona. Wewe hujui kudanganya, mwanangu, tangu mtoto." Akaniambia nitie udhu, niswali rakaa mbili, nimwombe Mungu msamaha kwa niliyoyasema juu ya kiumbe kisicho na dhambi. Kisha akarudi kwenye tasbihi. Sasa tunamsomea kaka yangu hitima kila mwaka, na mama humnong'oneza mwalimu amtaje na mtoto, na vijana wote waliokaa kwenye jamvi huitikia amina. Mimi ndiye ninayegawa sahani.

Wifi alipiga simu juzi, Jumatatu. Mama alikuwa uani anachagua mchele wa hitima ya mwaka huu, karibu nami kiasi cha kusikia.

"Wifi, ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Ningeweza kumjibu. Neno moja tu lilitosha, na alistahili kulipata kutoka kwangu kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Nilimtazama mama akipepeta, nikakumbuka kile kibaraza, na fimbo iliyoegemezwa ukutani. Nikasema, "Alilia sana. Anakuomba radhi."

Nilimsikia anavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Alhamdulillahi," akasema. Akalirudia. Kisha akaniambia kwamba Alhamisi atakuja mwenyewe hitimani, kaka yake atampakia kwenye pikipiki, anataka amshike mama mkono mbele ya watu ili wamwone.

Nikamwambia karibu.